Sufi ya Bi Mize kwenye chumba cha baridi

Mimi nilikuwa nawaogopa panya. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi mliobaki kazini mmezoea kuwaambia wageni kwamba Mzee Kombo kazaliwa nao. Sikuzaliwa nao. Nimezaliwa Tumbe, kaskazini mwa Pemba, kwenye nyumba iliyojaa paka, na panya niliokuwa nawajua ni wale wa ghalani, weusi, wenye macho ya mtu anayedai haki yake. Siku ya mwanzo nilipofunguliwa mlango wa chumba chao pale kazini, nikawaona weupe wamejipanga kwenye vizimba kama sahani kabatini, nilirudi nyuma nikamkanyaga aliyenileta.

Niliyemkanyaga ni Bi Mize. Kwa wale waliokuja baada yake, huyu ndiye aliyekuwa akitunza wanyama wa maabara yetu kabla yangu, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Mtu wa Makoongwe, kisiwa kile kidogo kando ya Mkoani, mwembamba, mkali, na mikono yake ilikuwa laini kama ya mkandaji. Kazi yake nyingine ilikuwa kushona mito na magodoro ya sufi. Kwao kuna misufi miwili mikubwa, na msimu wa sufi kupasuka ukifika alikuwa akija kazini na nyuzi nyeupe kwenye mtandio mpaka unadhani kazeeka usiku mmoja. Huyu mshikeni vizuri, maana maneno yangu yote yanamzunguka yeye na sufi yake.

Mimi kabla ya hapo nilikuwa mbeba barafu kwenye diko la Tumbe, wanaposhukia wavuvi. Wachuuzi wakinunua samaki tuliwapangia kwenye makasha, barafu chini, barafu juu, halafu unafunika kwa unga wa mbao ili joto lisiingie. Skuli nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisomea zaidi dirishani. Mgongo ulipoanza kulalamika, jamaa yangu mmoja akaniombea kazi mjini Chake, kwenye jengo la utafiti, nikaajiriwa tarishi. Nilikuwa nachukua bahasha hapa napeleka pale. Kazi nzuri, ila watu hawamtazami tarishi usoni, humtazama mkononi. Baadaye bahasha zikapungua kwa sababu ya simu, nikaambiwa nihamie kwa panya. Sikuulizwa kama napenda.

"Bi Mize," nikamwuliza siku ile, "hawa huuma?"

"Huuma. We huumi ukishikwa hutaki?"

"Sasa washikwe vipi?"

"N'tie mkono taratibu, umwache akunuse. Akishakujua, m'bebe kwa viganja viwili kama unateka maji. Mkia usinikamatie. Mkia si mpini."

Basi huo ndio ulikuwa usomi wangu. Alikuwa na sheria zake. Kabla ya kufungua mlango unapiga hodi, polepole, ili wasishtuke. Kunawa mikono kabla na baada. Udi marufuku, mafuta mazuri marufuku, hata Ijumaa. Msimu wa karafuu ndio ulikuwa mgumu kwetu, maana sote tulikuwa tunatoka kwenye majamvi ya kuanikia, na harufu ile haitoki kwa kunawa mara moja. Bi Mize alikuwa akisimama mlangoni anatunusa mmoja mmoja. Mkubwa wa jengo alirudishwa bafuni na yeye, akaenda.

Huko mtaani nilichekwa sana. Kwenye baraza ya kahawa alikuwepo rafiki yangu Shaame, fundi baiskeli, ambaye kwake hakuna jambo dogo.

"Yakhe Kombo, sie twanunua sumu, weye wawanunulia chakula!"

"Sinunui mimi, huletwa."

"Huletwa! Na wakiumwa?"

"Hutazamwa na dokta."

"Haya sikieni! Mie jana nimekaa foleni ya hospitali tangu asubuhi, panya wa Kombo hufuatwa na dokta nyumbani!"

Mke wangu naye hakunikubalia kuingia ndani kabla ya kuoga. Nilimweleza kwamba panya wale ni wasafi kuliko sisi, akasema basi nikalale kwao.

Tuliishi hivyo miaka mingi. Hapa nitaruka mengi, kwa sababu mengi yalikuwa kubadilisha maranda. Nyinyi mnajua. Unachukua maranda ya mbao kwa fundi seremala, unachagua yasiyo na rangi wala dawa, unayachekecha, unatandika. Unaosha chupa, unajaza maji, unageuza, unagonga kimdomo kuona kama tone linatoka. Chupa isiyotoa tone humuua panya kimyakimya, na utamkuta kesho yake hali chupa imejaa. Hilo nalisema kwa msisitizo. Gonga kimdomo.

Ndipo akaja Dokta Zuwena.

Yeye ni mtoto wa Chake hapahapa, ukoo wa Waarabu waliokuwa na mashamba zamani, sasa wengine wana duka, wengine walimu. Alisoma nje muda mrefu na kufanya kazi hukohuko, halafu akarudi na masanduku ya vyombo na wazo moja kichwani. Mama yake alimwambia mbele yetu kwamba hakumsomesha umri wote ule ili aje kucheza na panya. Yeye akacheka, akambusu mkono, akaendelea kufungua masanduku.

Wazo lake alitueleza mimi na Bi Mize tukiwa tumekaa juu ya magunia ya chakula cha panya. Nitaliandika kama nilivyolifahamu, na mwenye kujua zaidi atanisamehe.

"Mzee Kombo, kabla ya panya ulikuwa na kazi gani humu?"

"Tarishi, mwanangu."

"Basi tunasoma habari za tarishi. Ubongo una ofisi nyingi. Ofisi moja ikitaka kuiambia nyingine jambo, hutuma kitu kidogo, kipande kifupi cha protini. Ndiyo tunaita peptidi. Ziko nyingi. Mimi nafuata moja tu. Hiyo ikifika mlango wake ndani ya ubongo, amri inashuka kwa mishipa ya fahamu mpaka hapa." Akajigusa katikati ya mabega. "Kwenye mafuta ya kahawia."

"Mafuta si meupe?" akauliza Bi Mize.

"Meupe ni ghala, Bi Mize. Yanaweka. Haya ya kahawia ni jiko. Yanachoma yale yaliyowekwa, yanatoa joto. Panya anayo mgongoni. Nataka kujua nikimwongezea tarishi huyu, jiko linawaka zaidi kiasi gani, na mnyama anakuwaje."

"Na sie binadamu tunayo?"

"Mtoto mchanga anayo, hapohapo mgongoni. Ndiyo maana mtoto mchanga akipata baridi hatetemeki kama sisi. Mkubwa anabaki nayo kidogo, shingoni huku. Wengine hawabaki nayo kabisa."

Bi Mize alinyamaza. Nilidhani anafikiria chakula cha mchana. Kumbe alikuwa anafikiria jambo lake, nitalifikia.

Tangu siku hiyo ile peptidi tukaiita Tarishi, jina lake la kitaalamu likabaki kwenye kompyuta. Panya walikuwa mafungu mawili. Kila mmoja alitiwa kimrija chembamba kichwani akiwa amelazwa kwa dawa, wakapona, wakala, wakakimbia. Fungu moja likitiwa Tarishi, fungu la pili maji ya chumvi tu. Halafu Dokta anawapiga picha kwa kamera ya joto, ambayo haitazami sura, hutazama joto: pa baridi panatoka buluu, pa moto panatoka njano na nyekundu. Mwisho wake wengine walilazwa kwa dawa wasiamke, ili mafuta yenyewe yatazamwe. Sitaki kulipamba hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nawashika. Bi Mize siku hizo alikuwa anakwenda kuosha chupa ambazo tayari ni safi.

Mara ya kwanza alijaribu katika chumba chetu cha kawaida. Hakuna kitu. Mafungu yote mawili yakatoka rangi moja kwenye picha, na mafuta ya mgongoni yakatoka yamepauka kama samli. Dokta hakushangaa sana.

"Joto la Pemba," akasema. "Panya wetu wamezaliwa kwenye joto. Jiko halina kazi, limezimika. Tarishi anabisha hodi nyumba iliyolala. Lazima kwanza wakae baridini, mafuta yaamke, ndiyo nimtume."

Akahangaika mpaka akaazimwa chumba cha baridi nyuma ya jengo, kilichokuwa cha mfanyabiashara wa samaki. Yule bwana alisema wazi: kitumieni kwa sasa, lakini akikihitaji atakitaka. Kukisafisha kile chumba ni jambo ambalo nitalikumbuka mpaka kaburini. Harufu ya nguru iliingia ukutani. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa siki, nikasugua kwa ndimu, watu wakipita nje wanauliza kama tunapika. Mwisho Bi Mize akaingia, akavuta pumzi, akasema sasa pananuka nguru wa kukaanga, afadhali kidogo. Tukaendelea. Harufu ikatoka.

Tukawahamishia panya. Baridi yenyewe haikuwa ya barafu, ni ya kukufanya utafute koti. Lakini kwa wanyama wa Pemba ilikuwa balaa. Walijikusanya kwenye kona, manyoya yamesimama, wanatetemeka mpaka unaona maranda yanacheza. Bi Mize aliwatazama siku moja tu. Siku ya pili yake akaja na gunia la sufi kutoka Makoongwe.

"Dokta, mnyama ana haki yake. Nataka kuwatilia sufi."

Dokta alishika tonge la sufi, akalinusa, akaona safi, haina wadudu. "Watie, Bi Mize. Hata vitabu vinataka panya awe na kitu cha kujengea kiota. Mafungu yote mawili, sawasawa."

Basi kila kizimba kikapata. Ungewaona wale panya! Walivuta nyuzi kwa meno, wakazungusha, wakajenga viota vya duara vyenye paa, ukifungua kizimba huoni panya, unaona wingu. Hakuna aliyetetemeka tena. Wageni waliokuja walipiga picha. Na mimi, niliyefunika barafu kwa unga wa mbao nusu ya umri wangu, nilisimama pale nikisifu kazi ya Bi Mize kama wengine.

Mara ya pili ikafika mwisho. Tarishi fungu hili, maji ya chumvi fungu lile, kamera ya joto. Rangi moja. Dokta akarudia picha. Rangi moja. Tulipofungua kutazama mafuta, yale yale, samli.

Ule mchana alizungumza na wale wafadhili waliompa vyombo, kwa kompyuta, mlango umefungwa. Alipotoka alikaa juu ya magunia pale pale alipotukalisha siku ya mwanzo.

"Wamenipa mara moja nyingine," akasema. "Ya mwisho. Ikitoka hivi tena, vyombo vinarudi kwao, chumba kinarudi kwa mwenyewe, panya wanaisha. Na mimi narudi nilikotoka."

"Ulikotoka ni Chake, mwanangu," akasema Bi Mize.

"Kule kwingine, Bi Mize. Hapa hakuna mahali pengine pa kuifanya kazi hii."

Mimi nilikwenda kugonga vimdomo vya chupa.

Siku zilizofuata Dokta alikuwa akiingia kwenye chumba cha baridi anakaa tu, koti juu ya baibui, anavitazama vizimba. Hakuwa analia, hapana. Alikuwa kama mtu aliyepoteza ufunguo na anajua umo humo humo ndani. Asubuhi moja tulikuwemo sote watatu, mimi napanga chupa, Bi Mize anaongeza sufi kwa mmoja aliyechafua kiota chake. Meno ya Dokta yalikuwa yanagongana.

"Jitazame," Bi Mize akamtania, "wewe uliyesoma Ulaya watetemeka, wanangu mie hata mmoja hatetemeki."

Dokta akacheka kidogo. Halafu kicheko kikakatika.

"Sema tena, Bi Mize."

"Nisemeje? Natania."

"Hawatetemeki."

"Watatetemeka vipi, nao wamo ndani ya sufi?"

Dokta akasimama. Akafungua kizimba cha karibu, akatia mkono taratibu kama alivyofundishwa, akausukuma ndani ya kiota mpaka kifundo kikapotea, akauacha humo. Panya alitoka akamnusa, akarudi ndani.

"Mzee Kombo, njoo utie mkono."

Nikatia. Ndani mle palikuwa na joto la kiasi, zuri, kama ukipasua mkate wa kumimina uliotoka jikoni kitambo. Nje mgongo wangu unaganda, ndani vidole vimestarehe.

"Kipimajoto kinasemaje?"

Nikatazama. "Baridi, Dokta. Ileile."

"Kipimajoto kiko ukutani," akasema, polepole, kama anajisomea. "Panya hawakai ukutani. Chumba ni cha baridi, lakini panya hawamo chumbani. Wamo ndani ya sufi. Wako Pemba, joto la Pemba, tumewahamisha bure." Akautoa mkono, akajishika kichwa. "Na ruhusa nilitoa mimi."

Mimi ndipo barafu yangu na unga wake wa mbao vikanijia, saa mbovu kabisa. Kinachozuia joto lisiingie huzuia na baridi; nililijua tangu dikoni.

Bi Mize alielewa kabla hajaambiwa. Alisimama mbele ya vizimba.

"Wataka kuwatoa sufi yao."

"Lazima, Bi Mize."

"Hawa ni wazima. Wanakula, wamenawiri. Uwavue nguo, uwaache watetemeke, kwa ajili ya picha?"

"Si kwa ajili ya picha."

"Kwa ajili ya nini, basi? Niambie mie nisiyesoma."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo lilipokuwa lile jambo alilolinyamazia. Bi Mize alikaa chini, akasema, na mimi nilikuwa nimefanya naye kazi miaka yote ile na sikuwahi kulisikia. Bintiye Salama alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Mdogo, anasema, wa kulala kwenye kiganja. Kulikuwa masika, bahari chafu, hakuna wa kumvusha kwenda hospitali. Mama yake Bi Mize akachukua kapu, akalijaza sufi, akamlaza mtoto mle, akamfunika sufi, uso tu nje. Wakamtoa kumnyonyesha na kumrudisha, wakamtoa na kumrudisha, mpaka akanenepa. Salama leo ana watoto wake mwenyewe.

"Ulivyosema siku ile mtoto mchanga ana jiko mgongoni," akamwambia Dokta, "nilimwona Salama. Sasa waniambia sufi ndiyo iliyoharibu."

Dokta akakaa chini naye, sakafuni, baridi ile.

"Sufi haikuharibu kitu kwa Salama. Aliyezaliwa kabla ya wakati jiko lake halijakamilika. Ilimfaa sufi, ingemfaa hata leo. Hawa wanalo jiko, limelala tu. Nataka kuliamsha, halafu nimtume Tarishi nione anafanya nini."

"Na ukishaona? Itamfaa n'toto kama Salama?"

Mimi nilimwombea Dokta aseme ndiyo. Neno moja tu, na mambo yangekwisha.

"Sijui," akasema Dokta. "Pengine itamfaa mtu. Pengine itatusaidia kuelewa tu, na mwingine baadaye ndiye atakayejua la kufanya nayo. Pengine haitamfaa mtu yeyote. Nakwambia kweli, Bi Mize, sijui."

Bi Mize akajizoa pale sakafuni.

"Ungesema wajua," akasema, "nisingekupa."

Akaweka masharti mawili. Kwanza, atawatoa sufi yeye mwenyewe, asiguse mtu. Pili, si kwa mara moja. Dokta akasema la pili alikuwa analitaka hata yeye, kwa kuwa mnyama akishushwa taratibu mwili hupata nafasi ya kujifunza. Basi tukaanza upya, na panya wengine, chumba kikiwa na baridi ndogo kwanza. Kila asubuhi Bi Mize anapiga hodi, anafungua, anachomoa tonge dogo la sufi kutoka kila kiota na kulitia kwenye kapu. Sufi inapungua, baridi inaongezwa. Alikuwa anazungumza nao. "Leo paa. Kesho ukuta. Usinitazame hivyo, si mimi niliyetaka."

Siku zilipobaki nyuzi tupu za kulalia, mtetemo ukarudi. Nawaambia nyinyi mnaotaka kazi hii, mtu akikwambia hajali, usimpe funguo. Dokta aliwatazama kwa zamu, akisema yeyote atakayepungua sana uzito anatolewa na kurudishiwa kiota chake. Wawili walitolewa. Bi Mize aliwabeba mwenyewe, na nilimsikia njiani akiwaambia kwamba wao ndio wenye akili.

Shaame kwenye baraza alipata habari, sijui kwa nani. "Nasikia mmewavua panya magodoro! Na mie nadhani nyumbani kwangu ndiko kuna dhiki!" Nilicheka, lakini kahawa haikushuka vizuri. Kila nikitoka kwenye chumba kile nilikuwa nafikiria masanduku ya Dokta, yamesimama ukumbini hayajafunguliwa yote, kama mgeni ambaye hajavua viatu.

Halafu, asubuhi moja, Bi Mize akaniita kwa mkono, kidole mdomoni.

"Tazama maranda."

Nikatazama. Maranda hayakuwa yanacheza. Panya wamekaa wazi, hawana paa, hawana ukuta, wanakula na kujisafisha masharubu. Hawatetemeki. Baridi ileile, na hawatetemeki.

Dokta alipoambiwa alikuja mbio na kiatu kimoja hakijafungwa. "Mafuta yameamka," akasema. "Mtetemo ni moto wa haraka, wa kuwasha vijiti. Jiko likishika, hauhitajiwi tena." Lakini hakutaka kufurahi kabla. Alikuwa bado hajamtuma Tarishi.

Siku aliyomtuma tulisimama nyuma yake mbele ya kioo cha kompyuta. Panya wa maji ya chumvi, katikati ya mabega, njano. Kidogo tu, lakini njano, mara ya kwanza tunaiona. Akaja wa Tarishi. Tukasubiri. Bi Mize alikuwa ameushika ukingo wa koti la Dokta bila kujua. Ile njano ikapanuka, ikakolea, katikati yake ikatoka nyekundu kama kaa la moto lililopulizwa, na panya mwenyewe anatafuna punje yake, hana habari.

"Mwingine," akasema Dokta.

Mwingine. Nyekundu. Wa maji ya chumvi, njano. Wa Tarishi, nyekundu. Kulikuwa na mmoja mkaidi aliyebaki njano, wapo kila mahali. Lakini fungu ni fungu. Dokta alimgeukia Bi Mize, akamwangukia begani, na Bi Mize akawa anampigapiga mgongoni, hapo hapo katikati ya mabega, akisema, "Haya, haya. Lishawaka."

Mafuta tulipoyatazama yalikuwa yamekolea, rangi ya halua. Siku ile Bi Mize hakwenda kuosha chupa. Alisimama karibu yangu nilipokuwa nawashika, akawasomea dua, mpaka wa mwisho.

Waliobaki hai, wale wa uzazi na wale ambao Dokta hakuwahitaji tena, walikuwa bado chumbani. Bi Mize akaleta lile kapu. Sufi aliyowatoa alikuwa ameitupa, imeshachafuka, msije mkadhani tulikuwa wachafu. Hii ilikuwa mpya, ya misufi yake, na alimpa Dokta aitie yeye. Panya hawakusubiri kukaribishwa. Kabla ya magharibi kila kizimba kilikuwa na wingu lake.

Bi Mize alistaafu akarudi Makoongwe, anashona mito. Chumba, yule bwana wa samaki alikuja kukitaka, akaoneshwa zile picha nyekundu, akazitazama sana, akauliza kama na yeye anayo mafuta hayo. Dokta akamwambia pengine kidogo, shingoni. Akaondoka anajipapasa shingo, na mpaka leo hajarudi kukidai. Tarishi hajawa dawa ya mtu. Kila mwaka Dokta ananiambia bado, na sijamsikia akisema ameshajua. Lakini masanduku yote yamefunguliwa, na mbao zake Shaame kazifanya rafu ya spea za baiskeli.

Siku yangu ya mwisho mlinipikia pilau, mkasema maneno mazuri, mengine ya kweli. Mlipokuwa mnakunja majamvi nilikwenda nyuma peke yangu, nikapiga hodi, nikaingia. Nikatia mkono kwenye kiota cha karibu na mlango, nikaacha aninuse, nikausukuma ndani mpaka kifundo. Palikuwa na joto. Nikakaa hivyo kidogo, halafu nikautoa, nikagonga kimdomo cha chupa, tone likatoka, nikafunga mlango kwa mikono miwili, kwa sababu ule mlango ukiuachia hujibamiza, na wao hushtuka.